Kadi za Saa na Mwanga Unaobaki

Katika orodha ya barua ambazo watazamaji wa anga hupelekeana duniani kote, kuna barua tatu nilizoandika mimi. Ya kwanza ina kosa. Ya pili ina uongo, ingawa nilipoiandika sikuuona. Ya tatu ni fupi kuliko zote, na ndiyo iliyonitoa jasho. Barua hizo hazifutiki. Anayejua mahali pa kutafuta atazikuta zote zimefuatana, na katika ile ya pili atamkuta baba yangu, bila jina, akitajwa kama mtu asiyejua kuandika saa.

Baba aliandika saa za watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa karani wa muda katika kiwanda kimoja cha umma mjini Arusha, taimukipa, kama wenzake walivyomwita. Alipanga chumba Daraja Mbili, mjini humo, na kijijini kwetu Kikwe akawa anakuja Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake. Baba alikaa dirishani getini, akatazama saa ya mkononi, akaandika. Aliyechelewa dakika saba aliandikiwa dakika saba, awe mpagazi au msimamizi. Hata mdogo wake wa tumbo moja, aliyefanya kazi humo miaka miwili, aliandikiwa dakika zake, na kwa ajili hiyo hawakusemezana Krismasi nzima.

Kisha kiwanda kikauzwa. Wakati ule kila kitu kilikuwa kikiuzwa, na kila aliyenunua alikuja na ahadi na orodha ya watu wa kupunguzwa. Mnunuzi wa kiwanda cha baba alikuja na mashine ya kugonga kadi. Meneja mpya aliwakusanya makarani, akawaonyesha ile mashine, akasema, "Hii haina shemeji." Watu walicheka. Baba hakucheka. Alirudi Kikwe na koti la kazi, rula ya chuma, na boksi la kadi tupu ambazo zingechomwa moto kama asingeziomba. Sentensi ile ya meneja nilimsikia akiirudia mara nyingi, wakati mwingine peke yake shambani, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali: hii haina shemeji.

Watu wa mfereji ndio waliompa kazi nyingine. Kikwe maji ya kumwagilia huenda kwa zamu, na zamu huleta ugomvi, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba aliyemtangulia amemwibia robo saa. Wakamwomba baba awe mwandishi. Akatoa kadi zake za kiwandani, akampa kila mwenye shamba kadi moja, akaanza kuandika: maji yamefunguliwa saa fulani, yamefungwa saa fulani. Malipo yake yalikuwa vitunguu na maharage, lakini sikuwahi kusikia mtu akibishana na kadi. Walibishana na mvua, na mwenyekiti, na wake zao. Kadi ilikuwa imeshasema.

Mimi nilirudi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam na shahada ya fizikia na tabia ya kuuliza. Serikali ilikuwa haiajiri. Nilipata kazi katika sekondari moja ya binafsi karibu na Tengeru, nikawa nalala nyumbani, na kila jioni nilikuwa na swali la kumchokoza baba.

"Mmeombea mvua kanisani mara ngapi mwaka huu?" nilimwuliza siku moja. Baba alikuwa mzee wa kanisa.

"Mara nne."

"Ikanyesha mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na siku ambazo hamkuomba ikanyesha, mmezihesabu?"

Akanitazama, akaendelea kumenya kitunguu. "Wewe umezihesabu?"

"Hapana."

"Basi na wewe unaamini tu, mwalimu. Umebadilisha kanisa."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika.

Darubini niliikuta stoo ya shule, nyuma ya madawati mabovu na magunia ya maharage. Iliachwa na mwalimu mmoja mgeni aliyekwisha kurudi kwao: bomba pana kama ndoo, limekaa juu ya kiti cha mbao kinachozunguka, na ndani yake kioo kipana kama sahani ya ugali. Pamoja nayo kulikuwa na kitabu cha ramani za nyota. Mkuu wa shule aliniruhusu niichukue, mradi niitoe njiani pake. Ndugu yetu mwenye pikapu aliipeleka Kikwe, ambako hapakuwa na umeme na giza lilikuwa giza kweli.

Kuna nyota ambazo zikifa hazifi kimya. Mbali sana, mbali kuliko kila nyota tunayoiona kwa macho, kitu hulipuka na kutupa miale ya gamma, ambayo jicho haliioni na hewa yetu haiipitishi. Setilaiti huinasa kwa sekunde chache, halafu basi. Lakini mahali pale hubaki mwanga wa kawaida, kama kaa linalobaki mafigani baada ya kuni kuondolewa. Mwanga huo hufifia saa kwa saa. Kwa darubini ndogo, ukichelewa siku moja umeukosa. Wanaotaka kujua kilichotokea kule hawana budi kuupima tena na tena, na kila mara waandike vitu viwili: ulikuwa mkali kiasi gani, na ilikuwa saa ngapi. Mwangaza bila saa haufai kitu.

Nilijiunga na watu wanaofanya kazi hiyo bila malipo, kila mmoja kwenye giza la kwao. Nilipenda kwamba hawakuniuliza mimi ni nani. Waliuliza tu niko wapi na usiku wangu unaanza lini. Habari za milipuko zilikuja kwa barua pepe, na barua pepe ilikuwa mjini, kwenye kafe ya intaneti karibu na mnara wa saa. Mwenye zamu ya jioni pale alikuwa dada mmoja aliyepunguzwa kazi benki mwaka uleule baba alipopunguzwa. Tulizoeana. Akakubali kufungua sanduku langu kila jioni kabla ya kufunga, na kunipigia kwenye simu yangu ya mkononi ikiwa kuna kitu.

Usiku ninaousema alinipigia saa mbili na nusu.

"Mdogo wangu, nyota yako imekufa."

"Lini?"

"Mimi nitajuaje? Hapa ni namba tupu. Una kalamu?"

Alinisomea namba zote mara mbili, polepole, kama anahesabu noti za mtu mwingine. Mlipuko ulikuwa umetokea muda si mrefu baada ya jua letu kuzama. Mtazamaji mmoja wa Australia alikuwa ameshauona mwanga uliobaki na kutoa mahali pake hasa, lakini kwao kulikuwa kunakaribia kukucha. Ulaya karibu yote ilikuwa chini ya mawingu. Nilitoka nje. Juu ya Kikwe hapakuwa na wingu hata moja.

Mama alisema binti hasimami shambani peke yake usiku, hata kama anamtazama Mungu. Kwa hiyo baba alivaa koti lake la kiwandani akanifuata, na tochi niliyoifunga kipande cha shuka jekundu ili isiniumize macho. Mahali penyewe palikuwa upande wa mashariki, juu ya taa za uwanja wa ndege. Nilitafuta kwa muda mrefu, nikilinganisha kila nukta na ramani ya kitabu, mpaka nikaiona moja ambayo kitabuni haikuwepo.

Mtu asitegemee kitu kikubwa. Ilikuwa nukta kama nukta nyingine. Nilimwita baba achungulie. Alikaa na jicho pale kwa muda.

"Ni hii ya katikati?"

"Ndiyo."

"Haina tofauti na wenzake."

"Haina. Ila wenzake watakuwepo kesho."

Baba alitoa kadi mfukoni na kalamu ya risasi, akasimama kando yangu. Nilikuwa nimechora zile nyota za jirani na kuzipa herufi, kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi yangu ilikuwa kusema nukta yetu inalingana na ipi: imeizidi hii kidogo, imepungukiwa na ile. Mwangaza halisi wa zile jirani sikuujua. Ningeupata kesho yake kwenye kompyuta. Hivyo ndivyo inavyofaa, kwa sababu anayejua jibu mapema hulitafuta. Baba aliniuliza kitu, nikamjibu bila kutoa jicho. Kisha nikaanza kutaja herufi, naye akawa anaandika, kadi moja kwa kila kipimo.

Tulipata vipimo vitatu. Halafu mawingu yakashuka kutoka Mlima Meru, kama kawaida yake, yakafunika kila kitu. Mama alituletea chai. Nililala kwenye kiti, shuka mabegani, baba amekaa kando yangu akitazama juu. Ndiye aliyenigusa bega kabla ya alfajiri.

"Mwalimu, mlima umevua kofia."

Sasa nukta ilikuwa upande wa magharibi, na ukungu mwembamba ulikuwa umebaki, ukapunguza nyota zote kwa pamoja. Sikuweza kusema kama yetu ilikuwa imefifia au la. Nilichoweza ni kuilinganisha tu na jirani zake, zile zilizokuwa karibu nayo kwa mwangaza. Nilitaja herufi mara mbili, baba akaandika, na kukapambazuka.

Asubuhi hiyo nilifundisha vipindi vinne nikiwa nimesimama usingizini. Mchana nikaenda mjini. Baba alikuwa amenikabidhi kadi tano zilizofungwa kwa mpira, zimepangwa. Nikazifungua mezani kafe. Kila kadi ilikuwa na upande mmoja uliochapishwa fomu ya kiwandani, na upande wa pili mtupu, ambako baba alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kusimama. Kadi ya kwanza ilisema 4.10. Ya mwisho ilisema 10.30. Nikatabasamu: mzee amezichanganya. Usiku huanza na saa kumi, huisha na saa nne. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimezoea kuandika, kwa Kiingereza, kwa miaka minne kwenye maabara. Nikazipanga upya. Zile za kumi nikaziweka mbele, zile za nne nyuma. Nikatoa saa tatu kutoka kila moja ili kupata saa ya dunia, ile wanayotumia watazamaji wote, nikatafuta mwangaza wa zile nyota jirani, nikahesabu.

Mwanga ulikuwa umepanda.

Nilihesabu tena. Ulikuwa umepanda. Kitu ambacho kilipaswa kufifia usiku kucha kilikuwa kimezidi kung'aa kuelekea asubuhi, na kwa saa zile nilikuwa miongoni mwa wachache sana waliokuwa wakikitazama. Mtu anaweza kuuliza: ulikuwepo, hukukumbuka ulichokiona? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Nilikumbuka kwamba ile nukta ilikuwa kazi ngumu kuiona alfajiri, lakini nikasema ni ukungu, na ni usingizi. Nilikuwa nimefundishwa, na nilikuwa nafundisha wengine, kwamba kumbukumbu ni shahidi anayehongeka kirahisi na namba haihongeki. Haikunijia kuuliza nani aliyeisoma namba. Niliandika barua ya kwanza, nikaituma.

Majibu yalianza kuja kesho yake. Watatu waliandika, mmoja wao mtu ambaye vitabu vyake nilivisoma chuoni, akiuliza maelezo zaidi. Baba aliposikia aliomba karatasi. Nikamchapishia ile barua, akaipeleka kanisani Jumapili ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Baada ya ibada nilimkuta nje na wazee wenzake, ameifungua. Kiingereza kilikuwa kinamshinda katikati, lakini mistari ya saa aliiona.

"Saa hizi," alikuwa anawaambia, "niliyezisoma ni mimi."

"Kwani yeye hana saa?" mmoja akauliza.

"Yeye ana jicho. Jicho haliwezi kuwa mahali pawili."

"Sasa hiyo nyota ikidai maji, utaipa zamu?"

Wakacheka wote, na baba akacheka nao. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu alipotoka kiwandani. Alisema, mara mbili, kwamba karatasi ile imesomwa Australia.

Jumatatu nilikuta barua kutoka kwa mtazamaji wa kisiwa kimoja cha Atlantiki, ambako usiku ule mawingu hayakufika. Alikuwa amepiga picha tangu giza lilipoingia mpaka asubuhi, na alikuwa ametumia siku mbili kuzipima. Alikuwa mpole. Alisema picha zake zote zinaonyesha mwanga ukishuka, bila kusita, kutoka jioni hadi asubuhi. Sentensi ya mwisho iliuliza: una hakika na saa zako?

Nilizitoa kadi kwenye mkoba, nikazitazama kama ndiyo kwanza naziona. 4.10. Na pale, kwenye kiti cha kafe, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisoma kwa Kiswahili: saa nne na dakika kumi. Saa nne usiku. Mshale mfupi ukiwa kwenye kumi, sisi sote mdomo unasema nne. Ukiwa kwenye nne, unasema kumi. Baba alikuwa ametazama mshale na kuandika kile ambacho mdomo unasema. Nne yake ilikuwa kumi yangu, na kumi yake nne yangu. Vipimo vya jioni nilikuwa nimevipeleka alfajiri, na vya alfajiri jioni, na kwa hiyo nyota iliyokuwa inakufa niliifanya ifufuke.

Aibu ilinipanda, na aibu ikitafuta pa kukaa haichagui. Nilikasirika. Nani anaandika saa ya Kiswahili kwenye jambo la sayansi? Nilikuwa nimebakiwa na dakika kumi za muda niliolipia. Nikaandika kwa haraka kwamba saa za barua yangu ya kwanza si sahihi, kwamba vipimo vya jioni na vya alfajiri vibadilishane nafasi, na kwamba saa ziliandikwa vibaya na msaidizi wangu, ambaye hana mafunzo. Nikaomba radhi. Dada wa kafe alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri kufunga.

"Msaidizi wako si baba yako?" akauliza.

"Ndiye."

"Haya," akasema, akaenda kuzima feni.

Nilituma.

Nyumbani nilimkuta baba barazani, akinoa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamesemaje kuhusu nyota yetu?"

Sikuwa nimepanga la kusema. Nikamwambia kulikuwa na kosa kwenye barua, nimeshalirekebisha.

"Kosa gani?"

"La saa."

Akaweka jembe chini. Alifuta mikono kwenye suruali, kidole kwa kidole. "Kosa la nani?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikaa kimya, na baba, ambaye alikaa dirishani miaka yote ile akisikiliza visingizio vya watu, aliusoma ukimya wangu bila shida.

"Lete kadi."

Nilizileta. Akavaa miwani, akachukua ya kwanza.

"Hii inasemaje?"

"Nne na dakika kumi. Lakini baba, kwenye mambo haya hatuandiki..."

"Igeuze."

Nikaigeuza. Upande wa fomu ya kiwandani, ule ambao sikuwa nimeusoma hata mara moja kwa sababu niliuona ni takataka iliyochapishwa, kulikuwa na visanduku vitatu: zamu ya kwanza, zamu ya pili, zamu ya tatu. Kwenye zamu ya pili kulikuwa na alama ya vema, ndogo, ya kalamu ya risasi.

"Zamu ya pili inaingia saa ngapi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Saa tisa mchana. Inatoka saa tano usiku. Hiyo nne iko wapi?"

"Usiku. Kabla ya saa tano."

"Geuza ile ya kumi."

Zamu ya tatu. Saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Zote tano zilikuwa na alama. Hapakuwa na kadi hata moja ambayo mtu aliyeigeuza angeweza kuikosea, awe Mmeru au Mzungu, asome saa kwa namna yoyote apendayo. Na alikuwa amenikabidhi zikiwa zimepangwa, nami nikazipangua.

"Nilikuuliza," baba alisema. "Ulikuwa umeinama pale. Nikakuuliza, saa niiandike vipi? Ukasema nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilisema: kama ulivyozoea, baba.

Baba alivua miwani.

"Umewaandikia kwamba nimekosea."

"Ndiyo."

"Hao wa Australia."

"Wote."

Mama alikuwa ametokea mlangoni na ungo, akasimama. Baba alizikusanya kadi, akazilinganisha kingo kwa kugonga juu ya goti, akazifunga na mpira wake. Niliogopa kwamba atapiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Yule meneja hakunijua," alisema. "Alifika Jumatatu, Ijumaa akatuondoa. Sikumlaumu sana. Wewe unanijua."

Akachukua jembe lake akaenda shambani, ingawa jua lilikuwa limebaki kidogo sana.

Siku mbili hatukusemezana zaidi ya salamu. Nilifundisha. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliniuliza kwa nini majaribio hurudiwa, nikawapa jibu la kitabuni na kuona haya. Nilikuwa nimetilia shaka mvua, mchungaji, wawekezaji, wanasiasa, bei za soko la Tengeru, hata macho yangu. Nilikuwa nimeishi na mtu mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kutoandika asichokiona, na katika siku moja nilipotakiwa kuchagua kati ya mkono wake na akili yangu, sikujiuliza hata dakika moja.

Jioni ya pili nilimfuata kwenye mfereji. Alikuwa akingoja kufunga maji ya jirani, saa mkononi, kadi mkononi.

"Baba, ile barua haiwezi kufutwa. Ikishatumwa imetumwa."

"Najua. Hata kitabu cha kiwandani hakikufutwa." Alitazama saa, akaandika, akamwashiria jirani aweke tope kwenye mlango wa maji. "Ukifuta, anayekuja baadaye atajiuliza ulificha nini. Tulikuwa tunapiga mstari mmoja, mmoja tu, la chini lisomeke. Juu yake unaandika lililo sahihi. Halafu aliyekosea anatia saini. Si karani. Aliyekosea."

"Na kama aliyekosea ni meneja?"

"Mameneja hawakuwa wakikosea," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona mdomo wake ukicheza kidogo. "Ndiyo maana walileta mashine."

Kesho yake nilikwenda kafe. Nililipia nusu saa, na nusu saa nzima niliitumia kwa mistari minne. Kila nilichoandika mwanzoni kilikuwa na mlango wa kutokea: kwamba kulikuwa na kutoelewana, kwamba desturi mbili za kuhesabu saa zilikutana, kwamba usiku ulikuwa mrefu. Vyote vilikuwa kweli, na nilivifuta vyote. Nilibakiza hivi: kwamba mwandishi wa saa usiku ule hakufanya kosa lolote, kwamba kadi zake zilikuwa kamili na zimepangwa sawasawa, kwamba mtazamaji alizisoma vibaya na kuzipangua, na mtazamaji ni mimi. Dada wa kafe aliisoma begani kwangu, bila kuniomba ruhusa.

"Unajua kwamba wakubwa wako wataiona hii?"

"Najua."

"Tuma basi, kabla hujaipamba."

Hakuna aliyenijibu. Wakati huo ile nukta ilikuwa imefifia hata kwa darubini kubwa, na watu walikuwa wamehamia mlipuko mwingine. Mtazamaji wa kisiwani aliweka vipimo vyetu vitano kwenye mchoro wake, mahali pake sahihi. Vilikaa kwenye mstari unaoshuka wa wengine wote, vitatu juu, viwili chini. Asiyejua hawezi kuona kwamba vilikuwa na shida yoyote. Yule mwenye vitabu, aliyeniuliza kuhusu ule mwanga uliopanda, hakuniandikia tena.

Nilizichapisha barua zote tatu, pamoja na mchoro, nikampelekea baba barazani. Alisoma ya tatu kwanza, kidole chini ya maneno, akaniuliza maana ya mawili. Kisha akatafuta ile ya pili. Aliiweka juu ya kitabu cha nyimbo, akatoa rula yake ya chuma mfukoni mwa koti, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya sentensi ya msaidizi asiye na mafunzo. Sentensi iliendelea kusomeka chini yake. Akanipa kalamu.

Niliandika juu ya mstari: kadi zilikuwa sahihi. Nikatia saini.

"Na saa," alisema, akaninyooshea mkono wenye saa.

Mshale mfupi ulikuwa umeivuka sita kidogo. Niliandika: saa kumi na mbili na dakika ishirini, jioni, saa ya hapa Kikwe. Kabla ya kumrudishia nikaigeuza karatasi, nikatazama upande wa pili. Ulikuwa mtupu. Baba alikuwa ananitazama juu ya miwani. Akaipokea, akaiweka kati ya zile mbili nyingine, kwa mpangilio wake.